Jile la Ishirini na Tatu

"Kambi gani?"

Swali hilo liliulizwa uani kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtaa wa Keshero mjini Goma, jioni moja ya Mei 2023. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki na ndoo zilizopinduliwa, watu 22 wenye asili ya Masisi na Walikale, tukipanga matembezi ya siku tatu kwenye kisiwa cha Idjwi. Katibu alikuwa akisoma orodha kutoka daftari la shule: mahema saba, blanketi kila mtu na lake, sufuria kubwa mbili, gunia la makala (yale ya kupikia, si haya unayoyasoma), chumvi, mafuta, vidonge vya malaria. Alipofika pale palipoandikwa "siku ya kwanza tutapiga kambi", dada mmoja wa Kitchanga akainua kichwa na kuuliza kambi gani. Mama yake mdogo alikuwa akilala Bulengo tangu mwezi wa pili. Baadhi wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Kwa msomaji wa Arusha au Mombasa, kambi ni maskauti na watalii wa Serengeti. Kwa mtu wa Masisi, kambi ni Mugunga, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Ni bashi jeupe, ndivyo tunavyoliita turubai, lililotandazwa juu ya fito, na chini yake mawe meusi ya volkano yasiyokubali kigingi. Hema hatulikodi, tunapewa, baada ya jina kuandikwa na kadi kutobolewa. Mashua nayo kwetu ni barabara ya mwisho, ile unayoishika barabara nyingine zote zikishafungwa na bunduki. Basi vijana wanapokaa kupanga kupanda mashua na kulala hemani kwa hiari yao, tena kwa kulipia, wanagusa maneno mawili yenye vidonda.

Mjomba wangu alifika kikao kikiwa kinaelekea ukingoni. Alisimama mlangoni, akasikiliza dakika chache, akasema: "Nyumbani kunawaka, ninyi mnakwenda kuogelea." Akaondoka bila kunywa chai, na kwa anayemjua mjomba, hilo lilikuwa kali kuliko maneno yenyewe.

Nimekuwa nikimjibu kimoyomoyo tangu siku ile. Leo namjibu hapa, kwa heshima zote anazostahili.

Sitatumia hoja ya vijana kwamba wamechoka na wanahitaji kupumua. Ni kweli, lakini ni nyepesi: mjomba naye amechoka, na hakuna aliyewahi kumpeleka kisiwani. Hoja yangu ni kwamba nimeishi karibu na Ziwa Kivu maisha yangu yote, nimepanda boti za kila namna, na safari ile ya starehe ndiyo ya pekee ambayo watu walihesabiwa mmoja mmoja kabla kamba haijafunguliwa.

Ukitaja Masisi watu wanaona vilima vya kijani, ng'ombe, na lile jibini la duara linalouzwa Goma. Wanasahau kwamba Masisi inashuka mpaka majini. Sake, Kirotshe, Shasha na Bweremana zote ni Masisi, na kule juu, Bashali, kuna maziwa madogo ya Mokoto, ambako watawa wa Kitrapisti walifungua monasteri yao mwaka 1954. Hata hivyo sisi wa milimani ni watu wa nchi kavu. Nilikulia kwenye kilima ambacho kutoka kwake ziwa lilionekana kama bati jipya lililosahauliwa juani. Tuliliangalia kila asubuhi tukipeleka ng'ombe, na simkumbuki mtu wa ukoo wetu aliyelowa zaidi ya magoti. Mimi mwenyewe nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 31, na hata sasa naogelea kama mtu anayemkimbia nyuki.

Walikale ni mambo mengine. Kule ni msitu na mito, Lowa ukipita kando ya mji wenyewe, na mtoto anajua kupiga kafi kabla hajajua kusoma. Wanyanga wa huko ndio wenye masimulizi ya Mwindo, yaliyotoka kinywani mwa mganaji Shé-Kárisi Rureke na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Alipozaliwa Mwindo, baba akaamuru afungiwe ndani ya ngoma na ngoma itupwe mtoni. Haikubaki chini ya maji. Mtoto akaimba humo ndani na kupanda mto, akielekea kwa shangazi yake Iyangura. Kijana mmoja wa Walikale alitukumbusha kisa hicho tulipokuwa tukibishana ni watu wangapi waingie boti moja. "Kwetu chombo cha kwanza kilikuwa ngoma," alisema, "na abiria alikuwa mmoja. Hakukuwa na kujaza."

Tulimfanya msimamizi wa mambo ya majini papo hapo.

Wazo la kwanza halikuwa Idjwi. Wengi walitaka ufukwe wa bure upande wa magharibi ya Goma, kuelekea Sake: hakuna nauli, hakuna boti, unashuka kwenye pikipiki na kuweka hema. Mvuvi mmoja mzee tuliyemwalika kwa ushauri alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja: mazuku.

Asiyeishi kwetu anahitaji kuelezwa. Chini ya ardhi yetu ya volkano kuna hewa ya ukaa inayopanda kupitia nyufa. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujaza mashimo na vibonde kama maji yanavyojaza karai. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku upepo ukilala, na alfajiri kabla jua halijachoma, inakuwa imekusanyika. Mbuzi hufa kabla ya mwenye mbuzi kwa sababu pua ya mbuzi iko chini. Mtoto hutangulia kabla ya mama yake, na aliyelala kabla ya aliyesimama. Wanasayansi wa volkano duniani wameliazima neno letu lilivyo. Wanaandika mazuku kwenye vitabu vyao vya Kiingereza na Kifaransa. Na hema ni nini, kama si kifaa cha kumshusha mtu mpaka usawa wa mbuzi na kumwacha hapo hadi alfajiri?

Ufukwe wa bure ukafutwa. Nilimtazama dada wa Kitchanga. Alikuwa ameinamia simu yake. Bulengo iko kwenye ukanda huohuo wa mazuku. Sisi tulikuwa na mvuvi wa kutuonya na mahali pengine pa kwenda. Mama yake mdogo hakuwa na hata kimoja.

Kuna aliyeuliza kama injini za boti haziwezi kuichokoza gesi ya ziwani. Swali halali. Kivu lina kina cha zaidi ya mita 480, na huko chini kumehifadhiwa kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 hivi za methani. Kila mwenye kusoma anakumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, lililotapika gesi Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Lakini gesi ya Kivu imekandamizwa na uzito wa maji, mbali mno na propela ya boti. Tukaendelea.

Tarehe ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Wavuvi wa sambaza huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakaingia ziwani usiku na taa, wakashusha wavu na kungoja samaki wafuate mwanga. (Sambaza mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa ukoloni wa Wabelgiji, akazaana mpaka leo kila mtu anamdhani mwenyeji.) Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haina kazi: ziwa lote lina mwanga, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mwenye kutaka nahodha hodari kwa bei nafuu apange safari yake kwenye mbalamwezi. Kalenda ikatupa zawadi: Sikukuu ya Uhuru, 30 Juni 2023, iliangukia Ijumaa, na mwezi ungekuwa kamili Jumatatu, 3 Julai. Siku tatu za mapumziko, kiangazi, usiku mweupe, na mabaharia wasio na kazi. Hasara ilikuwa moja tu, kwamba sambaza wabichi wangekuwa adimu, tukafungasha wakavu.

Kuhusu pikipiki za maji nitakuwa mfupi, maana sizipendi. Vijana wawili walikuwa wameziona ng'ambo, Gisenyi, na walitaka tukodi moja. Chombo kile kinakunywa petroli ya wiki nzima kwa saa moja, kinambeba mmoja huku 21 wakipiga picha, na hakimjui mwenye wavu. Tulipiga kura. Wakashinda wenye kutaka mitumbwi miwili ya makafi, ya kushindania kisiwani, na sitajifanya kuwa sikufanya kampeni.

Sasa majile. Ndivyo Goma tunavyoyaita majaketi ya kuokolea. Tulikodi 22 kwa mwenye boti mmoja, yakaletwa yamefungwa kwa kamba kama mzigo wa sombe, yaani kisamvu. Kijana wa Walikale hakuyavaa wala kuyapiga picha. Alijaza pipa maji, akalitumbukiza la kwanza, akaliwekea jiwe juu, akakaa. Kesho yake asubuhi tulipofika, matano yalikuwa yamenywa maji kama sifongo. Ukiyaondolea jiwe yanabaki chini. La sita mkanda wake ulikuwa kipande cha chandarua kilichosokotwa. Kwa macho yote yalikuwa mazuri, rangi ya chungwa, hata herufi zake hazijafutika. Fikiri ni abiria wangapi waliowahi kuvalishwa yale matano na kuambiwa wako salama. Tuliyarudisha, tukabishana, tukapata sita mengine kwa ndugu wa ndugu.

Mnaona kwa nini naona safari ile kama shule. Ni watu walewale ambao kwa safari ya sokoni wanaruka ndani ya boti bila kuuliza chochote. Starehe iliwapa muda wa kuuliza. Mtu anayekimbia hachunguzi mkanda.

Nilikuwa nimedhani kwenda kisiwani ni kwenda mahali patupu. Idjwi ina urefu wa kilomita 40 hivi, iko upande wa Kivu Kusini, na kila kipande cha ardhi yake kina maharage, mgomba au kahawa ya mtu. Huwezi kushusha hema popote. Wiki moja kabla tuliwatuma wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, maana wanawake hupokewa upesi, wakiwa na sukari na sabuni, kwenda kupiga hodi kwa mkuu wa kijiji. Tukapewa ukingo wa uwanja wa shule, na sharti moja: tusikate mti. Vita vya miaka thelathini vimekizunguka kisiwa kile kila upande bila kupiga sana ndani. Kulala mahali ambapo usiku hakuna anayehesabu milio ni jambo geni kwa mtu wa Masisi. Usiku wa kwanza wengi hatukulala kwa sababu ya ukimya.

Jumamosi tulishindana kwa makafi. Timu ya Walikale ilitushinda vibaya. Mtumbwi wetu ulizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na kicheko kikaleta kijiji kizima ufukweni. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akituuzia ndizi. Alitutazama muda mrefu tukianguka majini na kuibuka, tukianguka na kuibuka. Idjwi ina wajane wengi wa kahawa: kwa miaka mingi wanaume walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, na si wote waliorudi. Mama huyu hakuuliza mahema yetu yamegharimu kiasi gani, swali ambalo wote walikuwa wameuliza. Alishika ukosi wa jile langu, akaubonyeza kwa vidole viwili, akauliza bei.

Kilichofuata baada ya mwaka ule kila mtu anakijua. Februari 2024 mapigano yalifika kando ya Sake na barabara ya Goma kwenda Minova ikafungwa, basi maharage, mihogo, wanafunzi na wagonjwa, wote wakahamia majini. Asubuhi ya 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, karibu kiasi kwamba waliokuwa nchi kavu waliiona ikilala ubavu. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilikuwa na watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Hesabu nyingine za viongozi zilizofuata hazikulingana na hiyo. Nilikuwa Kituku kesho yake. Watu walikuwa wakitaja majina kwa sauti, kila mmoja akitaja ya kwake, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kusomea. Aprili 2019 boti nyingine ilikuwa imezama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akataja watu 150 waliopotea na kuagiza majile yawe lazima kwa kila abiria. Amri ipo. Nimeona abiria wakipewa majile bandarini na kuyakalia kama mito, kwa kuwa benchi ni gumu.

Watu huniambia starehe ya ziwani ni ya wageni, na wananionyesha Tchegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga, mali ya Hifadhi ya Virunga, kilichokuwa na mahema yenye vitanda na kayaki zilizopangwa kwenye mchanga mweusi. Sina ugomvi na Virunga. Imezika zaidi ya askari 200 wa wanyamapori, na ilifunga utalii kuanzia Mei 2018 hadi Februari 2019 baada ya watalii wawili wa Uingereza kutekwa na askari mmoja wa kike kuuawa akiwalinda. Ninachokataa ni kwamba mtu wa Kirotshe azaliwe, aoe na kuzeeka akiangalia maji yale, na ratiba ya kuyafurahia iandikwe kwa dola kwa ajili ya mtu wa Brussels. Na mgeni yule, kabla ya kupanda boti ya Tchegera, alivishwa jile, alifungwa mkanda, jina lake lilitiwa alama. Hakuna aliyemwambia anajidekeza.

Kwa hiyo mjomba, nyumbani kunawaka, ni kweli. Kuliwaka 2023, na Januari 2025 moto ukaingia Goma yenyewe. Februari iliyofuata kambi zikavunjwa, na mama mdogo wa yule dada akarudi Kitchanga na bashi lake limekunjwa kichwani. Anasema ardhi ipo, nyumba haipo. Vijana wameniomba tena tukae tupange. Benki zilifungwa moto ulipoingia mjini, michango inapita kwa simu na mikononi, na wenzetu watatu wa kikao kile hawapo mjini. Nimewajibu nitakuja, na nimewaomba wamwalike mjomba, chai iwe tayari kabla hajafika mlangoni.

Namalizia na asubuhi ya kuondoka, 30 Juni, kwa kuwa mjomba hakuwapo kuiona. Saa kumi na mbili, ziwa limetulia, mvuvi mzee ametuonya tuvuke kabla upepo wa kusini haujaamka. Katibu amesimama kwenye jiwe na daftari lake. Anaita jina, mtu anaitika, anavaa, kijana wa Walikale anavuta mkanda wake mara mbili, anaingia. Ishirini na mbili. Majile 22. Katibu anapiga mstari chini ya ukurasa, anafunga daftari, tunapiga makofi. Nahodha anafungua kamba.

Ndipo dada wa Kitchanga anasema, "Ngoja."

Nahodha amevaa shati la mikono mifupi. Msaidizi wake, kijana wa miaka kama 16, ana fulana ya timu ya mpira iliyotoboka begani. Hawamo kwenye daftari, hawana majile, na katika wiki saba za vikao hakuna hata mmoja wetu aliyewakumbuka. Nahodha akacheka, akasema yeye ni samaki. Dada akamuuliza jina lake. Akachukua kalamu ya katibu, akafungua daftari, akaandika chini ya mstari nambari 23, kisha 24, akashuka kwenye jiwe na viatu mkononi kwenda kutafuta majile mawili bandarini. Alichukua dakika arobaini. Upepo ulikuwa umeanza.